Konokono Wadogo wa Malindi: Maswali Yenu

*Shambani kwetu, jirani na magofu ya Gede, nimeokota kombe dogo kuliko punje ya mchele. Ni la mtoto wa yule konokono mkubwa anayetumalizia mboga?*

Sidhani, lakini usiniamini mimi, amini mdomo wa kombe. Lishike ncha ikiwa juu, mdomo ukikuelekea, kisha angalia ukingo kwa kioo cha kukuzia. Kombe la kitoto lina mizunguko michache, mdomo mpana, na ukingo mwembamba unaovunjika ukiugusa tu. Lako likiwa na mizunguko sita au saba na ukingo mweupe ulionenepa, basi mwenyewe alikuwa keshakua. Sasa tafuta meno: vinundu vyeupe vilivyosongamana mlangoni. Ukiviona, huyo yaelekea ni Gulella, mla nyama, tena konokono wenziwe ndio kitoweo chake! Spishi hutenganishwa kwa idadi ya meno hayo na mahali yalipo. Kwa hiyo jamani, nipigieni picha ya mdomo. Picha za mgongo mnazonitumia hazinifikishi popote.

*Na hawa wanaopanda mikoko kule Mida, nao ni wa nchi kavu?*

La. Huyo ni Cerithidea decollata. Maji yakikaribia kujaa hupanda mti, yakitoka hushuka matopeni kula. Mkubwa ana ncha iliyokatika, na ndivyo alivyo, hakuna aliyemvunja. Ana pia kifuniko cha kuzibia mlango, ila hicho kisikudanganye ukadhani kila mwenye kifuniko ni wa majini: Tropidophora wa vichakani naye anacho, na ni wa nchi kavu hasa.

*Mbona wakati wa kaskazi sipati hata mmoja?*

Wamejificha chini ya mawe na magogo. Ngoja masika, uanzie penye mawe ya matumbawe, kwani kombe hujengwa kwa chokaa na mawe yale ni chokaa tupu. Chekecha majani makavu juu ya kitambaa cheupe. Rangi usiitegemee sana. Makombe ya waliokufa zamani huwa meupe pe.

*Mwanangu anataka kuyakusanya. Nimruhusu?*

Matupu ya uani kwenu, sawa, na kila chupa iwe na karatasi ya mahali na tarehe. Magofuni na msitu wa Arabuko-Sokoke asiokote, ni hifadhi. Akishika walio hai, anawe kwa sabuni: wengine hubeba minyoo inayoweza kudhuru ubongo.