Mkimya kusoma sheria, mchangamfu kusoma uhasibu: nilichokiona mimi

Mdogo wangu, nimekuelewa hivi. Umefanya jaribio la haiba kwenye simu, likakupa herufi nne, INFP, pamoja na orodha ya kozi "zinazokufaa". Nyumbani wanataka usome sheria, moyo wako uko kwenye saikolojia, na unahofia kwamba kwa ukimya wako sheria itakushinda. Mimi nimesoma sheria, na ni mkimya kiasi kwamba ndugu zangu huweza kuzima taa ya sebuleni nikiwa bado nimekaa humo.

Tuanze na hizo herufi, tuzimalize haraka. Zinatokana na kipimo cha Myers-Briggs, kilichobuniwa na Katharine Briggs na binti yake Isabel Briggs Myers, Wamarekani wawili ambao hawakuwa wanasaikolojia kwa masomo, wakiegemea mawazo aliyoyatoa Carl Jung mwaka 1921. Kinawagawa watu katika makundi 16. Kasoro yake ni kwamba kinakulazimisha uwe upande huu au ule, wakati wengi wetu tuko katikati, ndiyo maana mtu akikirudia baada ya wiki chache anaweza kutoka na herufi nyingine. Na hayo majaribio ya bure ya kwenye simu mara nyingi ni uigaji tu. Kama yamekufurahisha, sawa, ila yasikujazie fomu ya chuo.

Kinacholingana zaidi na swali lako ni kazi ya John Holland, mwanasaikolojia wa Marekani aliyeanza kuandika nadharia yake mwaka 1959. Ana makundi sita: watu wa vitendo na zana, wa uchunguzi, wa sanaa, wa kuhudumia wenzao, wa kushawishi na kuongoza, na wa mpangilio na kumbukumbu. Ninachokipenda kwake ni kwamba anatazama vitu unavyopenda kufanya, halafu anaziweka kazi nazo katika makundi hayo hayo. Wizara ya Kazi ya Marekani ina dodoso la bure la namna hiyo mtandaoni. Ukilijaza, tazama makundi mawili au matatu yaliyoongoza, maana ni nadra mtu kuwa wa kundi moja tupu.

Sasa sheria yenyewe. Watu wakilisikia jina hilo wanamwona wakili amesimama mahakamani anapangua hoja. Mimi miaka yangu ya chuo niliimaliza nimeinama. Unapewa hukumu ya kurasa themanini, na unachotafuta humo ni aya moja au mbili zinazobeba sababu iliyomfanya jaji aamue vile. Ukiipata, unaandika: hoja ni ipi, sheria inasemaje, inagusaje tukio lililo mbele yako, jibu ni lipi. Kesho yake hukumu nyingine. Wenzangu waliokuja kwa sababu walikuwa mabingwa wa midahalo ndio niliowaona wakiteseka zaidi. Akili walikuwa nazo, subira ya kukaa na karatasi bila mtu wa kumsemesha ndiyo ilikuwa haipo. Baadhi yao walizoea baadaye na leo ni mawakili wazuri kuliko mimi, lakini mwaka wa kwanza uliwapiga vibaya.

Mahakama ya mazoezi ilikuwepo, na ndiyo, magoti yalitetemeka. Ila hapo nilijifunza jambo kuhusu ukimya wangu. Hoja za kesi huandaliwa. Unasimama ukijua utakachosema, na anayekaa kama jaji anakuuliza kuhusu kitu ulichokesha nacho. Hilo niliweza. Kilichonishinda kabisa ni tafrija iliyofuata, ile ya kushika glasi ya juisi na kupiga soga na watu usiowajua.

Kwa hiyo kabla ya kusema "mimi ni mkimya", jiulize ni mkimya wa namna gani. Kuna anayechoka akikaa na watu wengi muda mrefu, lakini mtu mmoja mmoja anamsikiliza mchana kutwa. Kuna anayeogopa kuhukumiwa, huyo mazoezi humsaidia sana. Kuna anayetaka kufikiri kwanza ndipo aseme. Na kuna asiyependa habari za watu kabisa. Saikolojia inamfaa wa kwanza, sheria inamfaa sana wa tatu. Wa nne asiende kwenye uuguzi hata kama ana alama za kutosha. Wagonjwa watamchosha, naye atawachosha.

Majina ya kozi yanadanganya kuliko hata hayo majaribio. Uhasibu unasifiwa kuwa kimbilio la wakimya, wakati mkaguzi wa hesabu anashinda akiwafuata watu wampe nyaraka wasizotaka kuzitoa. Uandishi wa programu nao: utakaa na kompyuta, kweli, lakini utakaa pia na mteja asiyejua anachotaka, na kazi nyingi ni kusoma na kurekebisha msimbo ulioandikwa na mtu mwingine. Kwenye usanifu majengo unabandika mchoro wako ukutani na mwalimu anauchambua mbele ya darasa zima. Sijui kwa nini hakuna anayewaambia watu hili mapema.

Na saikolojia unayoipenda wewe ina takwimu. Nyingi. Utabuni dodoso, utapima kama tofauti uliyoipata ni ya kweli au ya bahati, utaandika ripoti ya utafiti kwa muundo usiokubali mbwembwe. Wanaoingia wakitarajia kujifunza kusoma mawazo ya watu huduwaa hapo. Tena katika nchi nyingi shahada ya kwanza peke yake haikuruhusu kutibu watu. Kuna masomo na mafunzo ya vitendo mbele yake.

Kuna jambo jingine la hulka ambalo hukuliuliza. Kati ya zile sifa tano kubwa ambazo watafiti wa haiba huzitumia siku hizi, inayohusiana zaidi na matokeo ya chuo ni umakini, yaani ile hali ya mtu kujipangia kazi na kuimaliza bila kusukumwa. Ukimya na uchangamfu viko nyuma yake sana. Kwa hiyo ulizia kozi inavyopima. Kama wewe ni wa kuanza kazi siku ya mwisho, kozi inayoweka karibu alama zote kwenye mtihani mmoja wa mwisho itakuacha ulale miezi mitatu halafu ikuamshe kwa sapu, yaani mtihani wa kurudia. Ya asaimenti za kila wiki itakuudhi, lakini itakushika mkono.

Ajira na ada sizigusi, naona nyumbani wameshakueleza vya kutosha.

Kabla ya kujaza chochote, fanya hivi. Tafuta mtaala wa mwaka wa pili na wa tatu wa kozi zote mbili, kwa sababu mwaka wa kwanza huwa na masomo ya kukaribisha wageni. Pata mtihani mmoja wa zamani wa kila kozi. Halafu keti na hukumu moja halisi, siku nyingine na sura moja ya kitabu cha takwimu za saikolojia, uone ni wapi umesahau simu. Ukimpata mwanafunzi wa mwaka wa tatu, usimuulize kama kozi ni nzuri, atakusifia tu. Muulize anachoshwa na nini Jumanne ya kawaida.

Kwa uliyoyaandika, hasa pale uliposema marafiki hukuletea siri zao na wewe huwa huchoki kuwasikiliza, mimi ningejaza saikolojia kwanza na sheria ya pili, mradi ile sura ya takwimu isikufukuze. Ikikufukuza, geuza mpangilio, na wazee nyumbani huna haja ya kuwaambia kwa nini.