"Out of Gas" ya Firefly: spea ni kweli tupu, hewa na baridi tupige hesabu

Ndugu mleta uzi, malalamiko yako juu ya "Out of Gas", episodi ya Firefly, tamthilia ya Kimarekani ya angani, nimeyasoma, na ya wenzako waliofuata. Kwa ufupi mnasema hivi: jina la episodi ("kuishiwa mafuta") linadanganya kwa sababu mafuta hayakuisha, chombo kikubwa vile hakiwezi kufa kwa kijispea cha kushikika kiganjani, fundi anayejua kazi angechonga kingine, na ile habari ya kuganda kwa baridi kabla hewa haijaisha ni chumvi ya waandishi. Mmoja akamalizia kwamba watu wa pwani tutajuaje mambo ya angani. Nianze na huyo tumalizane naye. Kuanzia 1967 hadi 1988 satelaiti 9 zimerushwa baharini pale Ngomeni, kaskazini ya Malindi, ikiwamo Uhuru ya tarehe 12 Desemba 1970, satelaiti ya kwanza duniani iliyotengwa kuchunguza miale ya eksirei kutoka kwenye nyota. Wavuvi wa Ngomeni wanayajua majukwaa yale kuliko wengi wanaovaa fulana za roketi.

Ambaye hajaitazama aishie hapa, nitaifichua yote.

Mambo yalivyokuwa: Serenity, chombo cha angani cha nahodha Mal, ina watu 9. Wako kwenye keki ya siku ya kuzaliwa ya Simon, daktari wao, enjini inalipuka, moto unapita ushorobani, Zoe, msaidizi wa Mal, anaumia vibaya. Mal anafungulia mlango wa chumba cha mizigo na moto unanyonywa nje. Baadaye wanagundua kwamba mtambo wa hewa umekufa na ule wa akiba umekufa nao, na hewa iliyobaki ni ya masaa machache. Kaylee, fundi wao, anachimba hadi anapata chanzo: kataliza ya koili ya enjini, kile kijispea mnachokisema, imevunjika. Hakuna nyingine ndani, na haiundiki.

Hapo ndipo wengi mlipocheka. Lakini mwenye boti ya faiba anayevusha watu kutoka Mokowe hadi Amu (Lamu) anayo kataliza yake, anaiita impela. Ni kigurudumu cha mpira chenye mabawa, kinakaa ndani ya pampu ya maji kwenye mguu wa enjini ya nje, na kinaenea kiganjani. Kazi yake ni kuvuta maji ya bahari na kuyapandisha yakapoze silinda. Ikifa, ule mkojo mwembamba wa maji ubavuni mwa enjini unakatika. Usipozima papo hapo, pistoni inapanuka na kushikana na silinda, enjini inanoki, na bei utakayotajiwa dukani si ya impela tena.

Kinachoiua kwanza ni mchanga. Ukipita mfereji wa Mkanda kwenda Pate maji yakiwa yamepwa, pampu inavuta mchanga na tope, mabawa yanalika na sahani ya chuma inayoyafunika inachimbika mifereji. Ukiweka impela mpya juu ya sahani iliyochimbika umetupa pesa, maji yatavuja pembeni na mkojo utabaki dhaifu vilevile. Cha pili ni kuwasha enjini ikiwa nje ya maji, eti kuisikia tu mlio. Ule mpira hauna kilainisho ila maji, na nusu dakika ya ukavu inaweza kuuchoma. Cha tatu ni kulala. Boti iliyopandishwa pwani kusi nzima, mabawa yanabaki yamejikunja upande mmoja, hayarudi. Ndiyo maana hubadilishwa kila mwaka hata ikionekana nzima, na kwa anayekwangua Mkanda kila siku, mara mbili.

Je, fundi hodari haichongi? Gasketi utaikata kwenye karatasi nene ya faili. Pini ya propela ya enjini ndogo utaikata kwenye chuma laini, na ole wako ukiikata kwenye chuma kigumu, kwa maana pini imewekwa ivunjike yenyewe ukigonga mwamba; isipovunjika yeye zitavunjika gia. Impela huchongi. Kikombe chake hakina shafti katikati, iko kando kidogo, kwa hiyo mabawa hukunjwa upande mmoja na kukunjuka upande wa pili, na huko kukunja na kukunjua ndiko kunakovuta maji. Mpira wa ndala ni povu, utapondeka usirudi. Mpira wa tairi ni mgumu, utakatika au ukate ile kabari inayoushika kwenye shafti. Kaylee anaposema haiwezekani, mimi namwamini.

Na kuna jambo ambalo kwenye uzi mzima hakuna aliyeligusa. Ndani ya episodi ileile kuna spea ya pili. Tunarudishwa nyuma Kaylee alipoajiriwa: fundi wa zamani, Bester, anamwambia Mal chombo hakiruki, tatizo ni kubwa. Kaylee anasema hapana, kilichoharibika ni kijispea kingine kabisa, anaingiza mkono, anakichomoa, anasema hakina kazi ya maana, na chombo kinaruka. Kwa hiyo waandishi wametuwekea vitu viwili kwenye mizani: spea unayoweza kuitoa ukaendelea na safari, na spea ambayo bila hiyo huendi popote. Kujua ipi ni ipi ndiyo elimu yote ya ufundi wa baharini. Kwetu ile ya kuchomoa ni thamostati, valvu inayozuia maji ya kupoza hadi enjini ipate moto. Wavuvi wengi huitoa ikigoma, na enjini inakwenda, kwa sababu bahari yetu ni ya joto. Gharama ipo lakini inakuja polepole: enjini haifiki joto lake, inakula mafuta zaidi, plagi na vichwa vya pistoni vinajaa masizi. Utafika Kizingitini. Ukitoa impela hufiki hata Manda.

Hitilafu ninayoilaumu mimi ni ya yule aliyeiunda Serenity. Mtambo wa hewa na akiba yake vyote vinauawa na mlipuko mmoja. Hiyo si akiba. Ni sawa na boti ya enjini mbili zinazonyonya tangi moja. Maji yakiingia kwenye petroli (jerikeni lililoachwa wazi kwenye mvua, au mafuta ya kupimiwa kutoka kwenye pipa) enjini zote mbili zinazima ndani ya dakika moja, na wewe ulilala usingizi ukijua unazo mbili. Kila enjini na tangi lake, mpira wake wa mafuta na filta yake yenye kikombe cha kuonea maji chini. Kama ni za kuchanganya oili, 50 kwa 1, yaani mililita 500 kwa jerikeni la lita 25, changanya kila tangi peke yake. Ukikosea ya kwanza, ya pili itakurudisha. Wazee wa jahazi, hili walilimaliza zamani: jahazi lina dizeli ndani, na bado mlingoti na foromali viko juu. Tanga haliijui petroli.

Sasa hewa, na hapa mnayo haki kiasi. Mtu aliyetulia hutumia karibu lita 23 za oksijeni kwa saa, na hutoa karibu lita 20 za kaboni dioksaidi. Chukua nafasi ya mita 100 za ujazo, ambayo kwa chombo kama kile ni ndogo. Ina oksijeni lita 21,000. Watu 9 wanatumia kama 207 kwa saa. Ukigawanya kijuujuu utasema masaa 100. Siyo. Kaboni dioksaidi inafika asilimia 3 baada ya masaa 16 na ushei, na hapo oksijeni ingali asilimia 17 na nusu. Asilimia 3 ni kichwa kuuma na kuhema. Ikifika 10 mtu anazimia. Hewa chafu huua kabla ya hewa safi kuisha. Apollo 13, safari ya Wamarekani kwenda mwezini iliyopata ajali njiani Aprili 1970, oksijeni haikuwa shida yao kubwa mle kwenye chombo cha mwezini. Shida ilikuwa makopo ya kunyonya kaboni dioksaidi, yaliyokuwa ya watu 2 wakati waliomo ni 3, na yale ya ziada kutoka chombo kikuu yalikuwa ya mraba na nafasi ni za duara. Waliyaunganisha kwa mifuko ya plastiki, majalada na gundi ya utepe.

Basi ile "masaa machache" ya Serenity inakubalika kwa sharti moja tu, kwamba hewa nyingi ilitoka pamoja na moto mlango ulipofunguliwa, na moto wenyewe ulishakula sehemu yake. Hilo tumeonyeshwa. Na uamuzi wa Mal wa kuwapakia 8 kwenye vile vyombo viwili vidogo vinavyobebwa na Serenity na kubaki peke yake, ambao baadhi yenu mmeuita ushujaa wa sinema, ni hesabu safi: hewa ya masaa 2 kwa watu 9 ni ya masaa 18 kwa mtu 1. Hatari kubwa kaiweka kwa waliokwenda, kwa sababu vyombo vile ni vidogo na havifiki mbali. Baharini tungemwambia kinyume, usiache chombo kikubwa, ndicho kinachoonekana. Huku kwetu lakini hewa ni ya bure.

Hapohapo jina la episodi linajieleza. Neno lile la Kiingereza kwa Mmarekani ni petroli, na ni gesi pia. Walichoishiwa ni gesi ya kifuani. Waandishi wanacheza na neno, hawakusahau hadithi yao.

Baridi. River, dada yake Simon, anamwambia Book, mchungaji aliyemo chomboni, asihofu kukosa hewa, kwa kuwa wataganda kwanza. Mmempinga mkisema utupu ni chupa ya chai, haupitishi joto. Ni kweli hauna hewa ya kubeba joto, lakini joto linatoka kwa mnururisho, kama unavyolihisi la mkaa bila kuugusa, na kiasi chake kinategemea ngozi ya chombo kuliko mnavyodhani. Tuseme chombo kina mita 1,000 za mraba za ngozi na tani 200 za chuma, hakina kihami, nacho kiko mbali na jua. Kikiwa nyuzi 20, ngozi ya chuma kinachong'aa, inayonururisha asilimia 5 tu, inapoteza kilowati 21: nyuzi 1 kwa saa na robo hivi. Ngozi ileile ukiipaka rangi, inayonururisha asilimia 90, inapoteza kilowati 380: nyuzi 1 kila baada ya dakika 4. Joto la miili ya watu 9, kama wati 900, halibadilishi kitu. Kwa hiyo River anaweza kuwa sahihi au kukosea kwa siku nzima kutegemea rangi ya chombo! Ndiyo sababu satelaiti hufungwa karatasi zinazong'aa kama za chokoleti. Apollo 13 walishuka hadi nyuzi 3 au 4 hivi, lakini iliwachukua siku kadhaa. Serenity ni chakavu, kijivu, haing'ai. Mimi naangukia upande wa River, ila sidhani waandishi walipiga hesabu.

Ukimya wa nje ya chombo msiuguse, uko sahihi. Tamthilia hii haiweki mlio utupuni. Mkitaka kosa la kweli, nendeni "Our Mrs. Reynolds", ambako wanaivisha bunduki vazi la angani eti inahitaji oksijeni ili ilie. Baruti hubeba oksijeni yake ndani ya risasi. Ingelia uchi.

Jambo ambalo lingepaswa kuwaudhi zaidi ni kile kitufe. Wash, rubani, anamwachia Mal kitufe kimoja: ukipata msaada, bonyeza, vyombo vyote viwili vitarudi. Mal anapigwa risasi na watu wa chombo kingine waliokuja na spea, anawafukuza, anaambaa hadi kwenye enjini, anaifunga kataliza ikiwa imeshamponyoka mkononi mara moja, anarudi kwenye usukani, na anaanguka kabla hajakibonyeza. Wenzake wanarudi kwa sababu Zoe alizinduka na kuamuru. Kitufe kilijengwa kichwa chini. Ishara inayomtegemea mgonjwa aifanye si ishara. Kamba nyekundu ya enjini ya nje, ile ya kufunga mkononi, inafanya kinyume: ukianguka majini, yenyewe inazima. Na anayekwenda Kiwayu anamwachia mtu wa nyumbani neno hivi: nisipopiga simu hadi Alasiri, nitafute, nimepita njia ya nje. Kunyamaza ndiko kunakoita.

Kuhusu waliouliza "koili imetoka wapi ghafla": haikutoka ghafla. Katika episodi ya ufunguzi, "Serenity", Kaylee anaomba koili mpya na Mal anamkatalia kwa mzaha. Tatizo ni kituo cha Fox. "Out of Gas" ilirushwa tarehe 25 Oktoba 2002, ikiwa ya 5; ile ya ufunguzi wakaichelewesha hadi tarehe 20 Desemba. Watazamaji wa mwanzo waliona maiti kabla ya ugonjwa. Kwenye DVD hii ni ya 8, fuateni mpangilio huo.

Na wale wawili wanaouliza kama wanunue enjini iliyotumika kwa sababu "inaongea nao", kama Mal anavyoiangalia Serenity pembeni huku muuzaji anamsifia chombo kingine: fungueni skrubu ya chini ya mguu wa gia mtoe matone machache ya oili. Ikitoka nyeupe kama maziwa, sili imepitisha maji na gia zinaota kutu. Halafu iwashwe ndani ya pipa la maji, mhesabu muda hadi ikojoe.