Askari akitii amri ya mkubwa wake, nani abebe kosa?

Ndugu yetu wa Iringa ametazama filamu ya A Few Good Men ya mwaka 1992, na ameuliza maswali mawili. La kwanza, kwa nini wale askari wawili, Dawson na Downey, walifukuzwa jeshini ilhali mahakama ilikwisha kusikia kutoka kinywani mwa kanali mwenyewe kwamba waliamriwa. La pili, kama kila kuruta ataanza kuipima amri kabla ya kuitii, jeshi litabaki na nini. Amesema pia kwamba mdogo wake anaingia JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, mwezi ujao kwa mujibu wa sheria, kwa hiyo jibu analihitaji kwa jambo lililo mbele yake. Nimelitumikia jeshi, muda mwingi nikiwa mkufunzi wa makuruta katika kambi za nyanda za juu kusini, nikastaafu na cheo cha sajini, na sasa naishi Uyole. Nitajibu kwa niliyoyaona na niliyoyasoma.

Kisa chenyewe kwa ufupi, kwa wale ambao hawakuitazama. William Santiago ni askari wa cheo cha chini katika kambi ya Marekani ya Guantanamo Bay, nchini Kuba. Mazoezi yanamshinda, anaanguka mara kwa mara, na anaandika barua za kuomba uhamisho, barua zinazoruka ngazi zote za uongozi wake, huku akiahidi kueleza jinsi Dawson alivyofyatua risasi mpakani kinyume cha taratibu. Mkuu wa kambi, Kanali Jessup, anapata habari. Msaidizi wake, Luteni Kanali Markinson, anashauri kijana ahamishwe haraka. Jessup anakataa, na kazi ya kumnyoosha anakabidhiwa Luteni Kendrick. Usiku, kwa amri ya Kendrick, Dawson na Downey wanamfunga Santiago na kumziba mdomo kwa kitambaa, naye anafariki. Mwandishi, Aaron Sorkin, aliitunga kwanza kama tamthilia ya jukwaani iliyoonyeshwa Broadway mwaka 1989, akichota kwenye tukio la kweli la Guantanamo ambalo alilisikia kwa dada yake aliyekuwa mwanasheria wa jeshi. Katika tukio hilo la kweli aliyeshambuliwa alinusurika.

Watazamaji wengi hukumbuka pale Jessup anapofoka mbele ya mahakama na kukiri. Mimi naona alikuwa amekwisha kuanguka dakika chache kabla ya hapo, kwa hoja ambayo kila aliyewahi kupiga kwata anapaswa kuielewa. Jessup alikuwa ameieleza mahakama mambo mawili: kwamba aliagiza Santiago asiguswe, na kwamba alikusudia kumhamisha alfajiri iliyofuata kwa sababu maisha yake yalikuwa hatarini. Tena alijigamba kwamba katika kambi yake amri hutiiwa bila swali, kwa kuwa pasipo utii watu hufa. Kaffee, wakili wa Dawson na Downey, akaziweka kauli hizo pamoja. Kama amri ya Jessup hutiiwa daima, na amri ilikuwa kijana asiguswe, basi kijana alikuwa salama, na uhamisho ulikuwa wa nini? Ama askari wake huasi, jambo ambalo hawezi kulikubali mbele ya watu, ama amri ilikuwa nyingine. Nguo za marehemu zilikutwa zikining'inia kabatini, wala hakuwa amempigia mtu yeyote simu kumwarifu kwamba anarudi nyumbani. Mtu anayesafiri alfajiri hufungasha.

Sasa turudi kwenye lile linalokuumiza, ndugu yangu. Amri ile ilikuwa ya namna gani? Mwendesha mashtaka alimpa shahidi kitabu cha mafunzo, akamtaka aonyeshe ukurasa unaoitaja adhabu ile ya usiku, haukuwepo. Kaffee akampa shahidi huyohuyo kitabu hichohicho, akamtaka aonyeshe ukurasa unaoeleza bwalo la chakula lilipo. Nao haukuwepo, na bado shahidi hakuwahi kukosa mlo, kwa sababu alifuata wenzake. Mengi ya kambini hayamo kitabuni. Desturi isiyoandikwa ina nguvu kuliko kanuni kwa kuruta wa miaka kumi na tisa, na ofisa anayeitumia desturi hiyo hutoa amri kamili bila kuacha alama ya mkono wake.

Hilo nimeliona. Katika kambi moja ambayo sitaitaja, kuruta mmoja alianguka katika mbio ndefu na platuni nzima ikarudishwa mwanzo. Jioni luteni alisimama mbele yao akasema, «Huyu mwenzenu anawachelewesha. Mnajua cha kufanya.» Akaenda zake. Usiku vijana watatu walimtoa kwenye hanga, yaani bweni la makuruta, wakammwagia maji ya tangi nje, mwezi wa Juni, wakati ambapo huku kwetu umande wa alfajiri huganda juu ya majani. Alilazwa kwa homa ya mapafu. Uchunguzi ulipofanyika, luteni aliulizwa kama aliamuru, akajibu kwamba hakuamuru, na ukiyapima maneno yake moja moja hukuti amri ndani yake. Mmoja wa wale vijana, mtoto wa Tukuyu, kila alipoulizwa alirudia sentensi ileile: «Afande alisema tunajua cha kufanya.» Vijana walirudishwa makwao. Luteni alihamishwa kituo. Mpaka leo ninaamini haki haikutendeka, maana aliyekuwa na cheo, mafunzo na mshahara ndiye aliyeondoka na jina safi.

Ndiyo maana sehemu ya filamu ninayoithamini zaidi ni habari ya Dawson kabla ya siku ya tukio. Aliwahi kumpelekea chakula kwa siri askari ambaye Kendrick alikuwa ameagiza anyimwe chakula, na kwa tendo hilo la ubinadamu akaandikiwa tathmini mbaya iliyomnyima kupanda cheo. Kambi ilikuwa imekwisha kumfundisha gharama ya kukataa amri mbaya. Alipoitwa tena na Kendrick, yule aliyesimama pale alikuwa mtu aliyekwisha kuadhibiwa kwa kuwa mwema. Downey naye hakuwamo chumbani amri ilipotolewa, kwa kuwa alichelewa kurudi kutoka lindoni baada ya gari kuharibika. Aliipokea kwa mdomo wa Dawson. Tazama umbali ambao amri imesafiri: kutoka kwa kanali hadi luteni, kutoka kwa luteni hadi koplo, kutoka kwa koplo hadi kijana ambaye hata hakumwona ofisa usoni, na katika kila ngazi jina la mwenye amri limefifia zaidi.

Na Markinson? Wengi humwona kama mhusika mdogo. Mimi naona yeye ndiye aliyekuwa na uwezo wa kuokoa maisha ya kijana kuliko yeyote kati yao, kwa sababu alikuwa wa pili kwa cheo, alilijua jambo tangu mwanzo na ushauri wake ulikuwa sahihi. Ushauri ulipokataliwa alinyamaza, na baadaye akajiua kabla ya kutoa ushahidi. Jeshi lina njia halali ya mtu wa nafasi yake kupeleka jambo juu ya mkuu wake, na ni yeye, mwenye nyota mabegani, aliyepaswa kuitumia. Santiago aliyeruka ngazi alikuwa mtoto aliyeogopa. Sioni haki kumlaumu Santiago kwa barua zake na kumwacha Markinson na ukimya wake.

Kuhusu hukumu: mahakama iliwaachia Dawson na Downey katika shtaka la mauaji na la kula njama, ikawatia hatiani kwa mwenendo usiomfaa askari, wakafukuzwa kwa fedheha. Katika sheria halisi ya kijeshi ya Marekani, kosa lenye jina linalofanana na hilo, la Kifungu cha 133, huwahusu maofisa, na askari wa vyeo vya chini hushtakiwa kwa kifungu kingine. Hapo mtunzi alijipa uhuru wake. Lakini msingi wa hukumu ni wa kweli. Askari anawajibika kutii amri halali. Sheria yetu ya Ulinzi wa Taifa ya mwaka 1966 nayo huadhibu kutotii amri iliyo halali, na neno hilo halali halikuwekwa kwa bahati. Luteni William Calley, aliyetiwa hatiani mwaka 1971 kwa mauaji ya wanakijiji wa My Lai, Vietnam, mwaka 1968, alijitetea kwamba aliamriwa na kapteni wake; jaji aliwaelekeza wajumbe wapime kama mtu mwenye akili na uelewa wa kawaida angetambua kwamba amri kama hiyo si halali. Kumfunga mwenzako usiku na kumziba mdomo, huyo mtu wa kawaida angetambua. Dawson mwenyewe alikwisha kutambua, ndiyo maana alipeleka kile chakula, na ndiyo maana mwishoni anaikubali hukumu wakati Downey anauliza wamekosa nini.

Hatuhitaji kwenda Marekani kuyatafuta haya. Mahakama ya Kimataifa ya Makosa ya Jinai ya Rwanda ilikaa Arusha, na Kifungu cha 6 cha sheria yake kilishika pande zote mbili: aliye chini haachiwi kwa sababu tu aliamriwa, ingawa adhabu yake inaweza kupunguzwa, na aliye juu anawajibika kwa makosa ya walio chini yake kama alijua, au alikuwa na sababu ya kujua, na hakuchukua hatua ya kuyazuia wala kuwaadhibu. Kanali Théoneste Bagosora wa jeshi la Rwanda alihukumiwa kifungo cha maisha mwaka 2008. Mwaka 2011 rufaa ikakipunguza kuwa miaka 35, lakini wajibu wake kama mkubwa aliyeshindwa kuzuia ulibaki pale pale. Kwa kipimo hicho, yule luteni wetu wa «mnajua cha kufanya» asingepona kwa kuhesabu maneno yake.

Swali lako la pili nalichukulia kwa uzito, kwa maana nchi hii inajua jeshi lisilotii ni kitu gani. Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles waliasi, serikali ikalazimika kuwaita wanajeshi wa Uingereza kuwanyang'anya silaha, jeshi likavunjwa, na JWTZ, Jeshi la Wananchi wa Tanzania, ikaundwa upya tarehe 1 Septemba mwaka huohuo. Siwezi kumwambia kijana yeyote apuuze amri. Ila nimeona kwamba kuidai amri iwe wazi hakuipunguzii nguvu. Nilipokuwa sajini wa zamu, kuruta mmoja alitoroka kwenda kunywa ulanzi, pombe ya mianzi, kijijini, akarudishwa usiku. Ofisa mmoja akaniambia nimfungie stoo bila blanketi hadi asubuhi. Nilifungua daftari la zamu, nikaandika saa, nikasimama wima nikamwuliza, «Afande, niandike ni amri yako?» Aliliangalia daftari kwa muda. Kisha akasema nimpeleke hanga, kesho atafikishwa kwa mkuu wa kombania. Kesho yake kuruta alipewa fatigi, kazi za adhabu, ya wiki nzima kwa utaratibu, akaitumikia yote, na hakuna mtu kambini aliyeona kwamba nidhamu imelegea.

Mdogo wako basi ajiandae hivi. Mchakamchaka wa alfajiri, kichurachura, kufyeka, kukesha lindoni kwenye baridi, hayo atii papo hapo na asilalamike. Ndiyo mafunzo yenyewe. Akiambiwa amguse mwenzake, kwa maneno ya wazi au ya mafumbo, asimame wima na kuomba kuirudia amri kwa sauti, kama anavyofundishwa kuirudia amri nyingine yoyote: «Afande, naomba kurudia amri: nimpige fulani usiku huu, kwa amri yako.» Aseme mbele ya wenzake. Amri nyingi za namna hiyo hufutwa hapo hapo. Ikishikiliwa, aende kwa sajini wa platuni, na akitoka kwake bila jibu aende kwa mkuu wa kombania, asiruke ngazi hata moja ila asiishie njiani. Kwa hiyo wiki ya kwanza ahakikishe analijua jina la mkuu wa kombania yake na utaratibu wa kupeleka malalamiko kwake, kwa sababu mambo haya hutokea usiku, na usiku hakuna wa kumwelekeza.