Programu ya oda inagoma kila baada ya siku chache
Kaka, kama hiyo programu ya oda za dagaa hapo Kigoma inagoma ikilalamika mafaili yaliyofunguliwa ni mengi mno, usikimbilie kuongeza kikomo cha mafaili inayoruhusiwa kufungua kwa wakati mmoja. Kutoka 1024 kwenda 65536 kunachelewesha tu tatizo.

Kwenye Linux, endesha `sudo ls /proc/PID/fd | wc -l` (badala ya PID weka namba ya mchakato wa programu hiyo) uhesabu mafaili iliyofungua, rudia kila saa. Idadi ikizidi kupanda hata usiku oda zimetulia, programu inavuja, yaani inafungua mafaili bila kuyafunga. Halafu `sudo lsof -p PID` ikuorodheshee mafaili hayo, tazama kinachojirudia. Soketi (miunganisho ya mtandao, nayo huhesabiwa kama mafaili) nyingi zenye CLOSE_WAIT maana yake upande wa pili umeshakata, programu yako haijafunga. Hapo kagua msimbo unaoshughulikia hitilafu: mara nyingi unatoka mapema kabla ya kufika `close()`, amri ya kufunga.

Tafadhali hifadhi matokeo kabla hujaiwasha upya, la sivyo ushahidi wote unapotea.