Supavaiza kaandika: namba imetoka wapi?

Swali: Shikamoo anti. Niko mwaka wa pili chuo, nasoma historia. Nimeandika kazi ya kurasa 15 kuhusu Vita vya Majimaji, madesa (notsi za kukopi) yote nimemaliza, mtandaoni nimeingia mpaka bando likakata, leo supavaiza kanirudishia. Juu kaandika maneno matatu tu kwa wino mwekundu, "namba imetoka wapi?" Kumbe ukurasa wa kwanza nimesema walikufa watu 75,000, ukurasa wa tisa nimesema 300,000, wala mwenyewe sikuona. Kusoma nasoma sana anti ila naanza kuhisi sijui kusoma. Nifanyeje? (Wa Mwaka wa Pili, Dar)

Jibu: Marahaba mwanangu. Usinune lakini nimecheka, maana hiyo kazi yako ina utafiti mzuri ndani yake na wewe umeupita kama basi la mkoani linavyopita kituo kidogo.

Angalia hizo namba zako mbili. Hiyo 75,000 inatokana na hesabu za Wajerumani wenyewe, waliokuwa wanatawala. Hiyo ya 250,000 mpaka 300,000 ni makadirio ya mwanahistoria wetu Gilbert Gwassa, aliyekusanya sana masimulizi ya wazee wa kusini miaka ya sitini. Sasa kwa nini zimepishana hivyo? Hapo ndo pa kuchimba. Vita ilianza 1905 ikaisha 1907, na waliokufa kwa risasi ni wachache kuliko waliokufa kwa njaa, kwa sababu jeshi la Mjerumani lilichoma mashamba na maghala ya chakula makusudi, sasa mtoto aliyekufa njaa porini mwaka unaofuata nani alikuwa pale na daftari amuhesabu? Ukiandika hivyo, namba zote mbili zinakaa kwenye kazi moja bila kugombana, ila kila moja itajwe na mwenyewe aliyeisema na alikuwa amekaa upande gani.

Ndo maana nasema desa halitoshi. Desa limetoka kwa mtu aliyekopi kwa mtu aliyekopi, njiani jina la aliyehesabu limedondoka imebaki namba peke yake kama yatima. Kazi yako ni kuirudisha kwao. Shika kitabu, kabla ya sura ya kwanza fungua nyuma kwenye marejeo, uone mwandishi kala kwa nani, alafu ukikuta jambo limekugusa shuka kwenye tanbihi, yale maandishi madogo chini ya ukurasa, ukamtafute huyo aliyetajwa, na huyo naye ana wa kwake. Ukifika kwa mfano kwa gavana Götzen, ambaye vita ilianza yeye akiwa ndo mtawala na kitabu chake kikatoka 1909, msome kama unavyomsikiliza mtu anayejitetea mbele ya baraza. Sijasema usimwamini kabisa, jiulize tu anataka nimuone vipi. Na wazee nao hivyo hivyo jamani, mzee anasimulia na ukoo wake umekaa nyuma yake. Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu Dar es Salaam walienda vijijini kuwauliza wazee habari za Majimaji, vijana kama wewe tu, na mengi tunayoyajua leo kuhusu mganga Kinjikitile na yale maji yake ya kuzuia risasi yametoka kwenye safari zile.

Kwenye kusoma kwenyewe, mimi enzi zangu nilikuwa napaka kalamu ya njano kila mstari mpaka kitabu kikawa kama embe dodo, na kichwani hakuna kitu. Aliyenitoa huko ni mkutubi mmoja mama mtu mzima. Alichukua daftari langu akachora mstari katikati, akasema kushoto andika kitabu kinasema nini na namba ya ukurasa, kulia andika ubishi wako. Alafu sasa, unaandika kitabu kimefungwa. Wiki ya kwanza kulia kwangu kulikuwa kweupe kabisa, aibu, nikajua kumbe sibishani na mtu nameza tu. Siku ya kwanza niliyoandika kitu niliandika "huyu kajuaje?", basi.

Kiingereza najua hukuuliza ila kipo, tumefundishwa Kiswahili mpaka darasa la saba alafu ghafla kidato cha kwanza vitabu vyote vimegeuka. Usikimbilie kamusi kila neno, tafuta yale yanayojirudia rudia. Ukimaliza aya mwelezee rumeti wako kwa Kiswahili cha kawaida, ukikwama hujaelewa bado, rudia. Na akili mnemba kuwa nayo makini, inakutajia kitabu na mwandishi na mwaka vizuri kabisa, ukienda maktaba hicho kitabu hakijawahi kuandikwa. Usiweke kwenye marejeo kitu ambacho hujakishika au kukifungua mwenyewe.

Mrudie supavaiza, mwambie hujaja kulalamika umekuja na jibu la swali lake. Kuandika "namba imetoka wapi" amekusaidia sana huyo, wengine wanaweka sapu tu, urudie mtihani.

Swali: Anti mimi niko kidato cha tano Songea, nikishika kitabu usiku nusu saa tu nasinzia. (Msinziaji)

Jibu: Lala mwanangu, amka alfajiri. Simu iache chumba kingine. Na Jumamosi nenda makumbusho ya Majimaji hapo hapo mjini kwenu, walipozikwa mashujaa walionyongwa 1906, soma bango moja tu, moja, alafu ukifika nyumbani liandike bila kuangalia picha kwenye simu. Jumapili rudi ukaone umesahau wapi.