Nilivyowabaini wafuasi feki kwa daftari na kalamu

Mdogo wangu anauza vitenge soko la Mbuyuni, Moshi. Kijana mmoja alimwahidi wafuasi 5,000 wa mtandaoni kwa shilingi 50,000. Wafuasi wakaja kweli, kwa usiku mmoja. Wateja hawakuja. Alipoanza kusema labda vitenge vyake ni vibaya, iliniuma, nikachukua daftari.

Nilianza na saa. Chagua akaunti unayoitilia shaka, andika muda wa komenti na posti zake kama mia moja hivi, uone ngapi zimeangukia kila saa. Mtu analala. Anaandika mfululizo akiwa hana kazi, anapotea, anarudi jioni. Akaunti ya kwanza niliyoipima iliandika "Kazi nzuri dada" saa 9:04 usiku, 9:14, 9:24, 9:34, vivyo hivyo mpaka kunakucha. Hiyo ni programu.

Njia ya pili ndiyo naipenda zaidi. Mwaka 1881 Simon Newcomb, mwanafalaki wa Marekani, aliona kwenye vitabu vya logi (majedwali ya kukokotolea hesabu) kurasa za mwanzo, zenye namba zinazoanza na 1, zimechakaa kuliko za mwisho. Mwaka 1938 Frank Benford akalithibitisha jambo hilo kwa takwimu za kila aina: namba nyingi za maisha huanza na 1, karibu mara 30 katika kila 100, zinazoanza na 9 hazifiki 5. Mwaka 2015 Jennifer Golbeck wa Chuo Kikuu cha Maryland akaonyesha kuwa mitandao ya kijamii nayo inafuata kanuni hiyo. Kwa hiyo fungua orodha ya wale ambao akaunti hiyo inawafuata, angalia kila mmoja ana wafuasi wangapi, chukua tarakimu ya kwanza tu, piga vijiti. Kwenye daftari langu vijiti vya 7 vilikaribia kuwa sawa na vya 1, kinyume na kanuni.

Lakini taratibu, tafadhali. Namba 30 hazitoshi. Fikisha 100 au zaidi. Muuguzi wa zamu ya usiku ataonekana wa ajabu kwa saa zake, na duka linalopanga posti mapema litaonekana programu. Dalili moja isikufanye umtangaze mtu hadharani. Mimi nilifuta zile tu zilizokwama kwenye vipimo vyote viwili, na hazikuwa na posti hata moja ya maana.

Kufuta kulituchukua wiki tatu. Wamebaki 312. Mmoja wao, mama wa Kibosho, ameagiza doti sita.