Gurudumu la longibodi linagoma ukikaza nati? Angalia spesa

Umesema gurudumu la longibodi yako (ubao mrefu wa kuteleza wenye magurudumu) linazunguka vizuri nati ikiwa legevu, ila ukiikaza linagoma. Usitupe beringi kwanza. Mara nyingi spesa (kibomba kifupi kinachovaliwa kwenye ekseli kati ya beringi mbili za gurudumu) ni fupi kuliko nafasi iliyopo kati ya beringi hizo: nati inazivuta pete za ndani zielekeane, za nje zimezuiwa na gurudumu, na gololi zinabanwa ubavuni.

Beringi ya 608, saizi ya kawaida ya longibodi, ina tundu la milimita 8, kipenyo 22, unene 7. Spesa ya kawaida ina urefu wa milimita 10, lakini magurudumu hayatoki kiwandani yote yakiwa na 10 kamili ndani.

Sukuma beringi zizame mpaka mwisho, kwa kulikandamiza gurudumu kwenye ekseli kwa uzito wa mwili. Nyundo hapana, tafadhali, inaharibu njia ya gololi. Weka washa ndogo (pete bapa ya chuma) pande zote mbili za gurudumu, kaza kabisa. Likigoma bado, ongeza kando ya spesa pete nyembamba ya milimita 0.1, moja moja, ukijaribu kila mara, hadi lizunguke huru nati ikiwa imekazwa. Likianza kucheza kushoto na kulia, umezidisha, toa moja.

Kulegeza nati si suluhisho, hasa kama unashuka milima kwa kasi. Beringi zikikazwa pamoja na spesa huegemea ekseli kama kitu kimoja, na gurudumu halitikisiki kwenye kona.